Maharage ya Msiba Niliyoyapika Mapema

Jamani, habari hii nimekaa nayo muda mrefu, na wala nisingeitoa kama nusu ya Kyela isingekuwa inaijua tayari, tena inaisimulia vibaya, wameitia chumvi mpaka siku moja mwanamke nisiyemfahamu kabisa alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye yule mwalimu mwenye friza la kutabiri vifo. Nikaona basi, bora niseme mwenyewe kwa mdomo wangu, nilichokifanya na nisichokifanya, halafu mnicheke mkitaka. Niliumbuka, sikatai. Na kilichonipata mbele za watu siku ile ndicho kidogo, kuna kingine nyuma yake ambacho watu hawakukiona, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Ngonga, naishi hapa mjini, nimezaliwa na kukulia Njisi, kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba labda nilikuwa mgeni sikujua mila za watu. Nilizijua. Nimemenya ndizi za misiba tangu umri ambao kisu walikuwa wananipa kile butu. Shida yangu haikuwa kutojua, shida yangu ilikuwa kujiona nina akili kuliko kila mtu (ugonjwa wa walimu huo, mnaotufahamu mnajua).

Yote yalianza na friza. Mume wangu, Baba Lusajo, alilipata kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anahamia Mbeya, friza la kulala, lile refu, limechubuka rangi ubavuni lakini linagandisha vizuri sana. Wengine wangegandisha barafu za kuuza. Mimi nikaona hapa nimepata dawa ya maisha yangu, maana nilikuwa nikirudi kutoka Ngonga nimechoka hoi, vumbi mpaka kwenye kope, halafu ndiyo naanza kuchambua maharage, mkaa unaisha, watoto wanalia njaa, tunaishia chai na maandazi ya kununua, na kununua kila siku vitu vidogo vidogo kunamaliza mshahara bila mtu kuona umeenda wapi. Basi nikatunga ratiba. Kila Jumapili nikitoka kanisani nawasha majiko mawili, napika chakula cha wiki nzima kwa mkupuo mmoja, maharage sufuria kubwa, nyama nachemsha na kuigawa, mchuzi wa samaki mbasa, kisamvu, kikipoa natia kwenye makopo ya siagi na vindoo vya aiskrimu, naweka kwenye friza. Jioni nikirudi ni kupasha moto na kupika wali tu.

Na kila kopo lilikuwa na karatasi yake ya gundi, nimeandika kwa maka peni, kwa mwandiko ule wa ubaoni ambao hata mtoto wa darasa la kwanza anausoma: JUMATATU, maharage. ALHAMISI, nyama. Chini yake tarehe niliyopika. Ratiba yenyewe nikaibandika ukutani jikoni, na ole wake mtu aguse kopo la Alhamisi siku ya Jumanne. Baba Lusajo alikuwa anakuja pale friza lilipo, ananyoosha kidole juu kama mwanafunzi, anangoja nimruhusu ndipo afungue. Watoto wanacheka, mimi nakasirika, ila kimoyomoyo najisifu, kwa sababu kweli tulikuwa tunakula vizuri na mwisho wa mwezi unatukuta na kitu.

Sasa kuna kitu kimoja kilikuwa kinaniharibia ratiba kila mara, nacho ni misiba. Ukiishi Kyela huwezi kuikwepa, na wala hutaki kuikwepa, maana leo kwa mwenzako kesho kwako. Akifa mtu, wanawake wa mtaa wanabeba mchele, ndizi, maharage, kuni, wanakwenda kukaa pale, wanapika wote pamoja mpaka matanga yaanuliwe. Mimi nikawa nachota maharage ya Jumatano napeleka msibani, Jumatano tunashangaa nyumbani hakuna kitu. Nikakaa chini na daftari langu, nikafikiri kama mwalimu anayepanga somo, nikasema kama jambo linatokea kila mwezi, kwa nini lisiwe kwenye ratiba? Nikaongeza mistari miwili chini kabisa. Mmoja WAGENI. Wa pili MSIBA.

Nilifurahi, siwafichi. Nilikwenda kuwaonyesha walimu wenzangu ofisini, na mmoja alicheka mpaka akatoa miwani kufuta machozi, akaniambia Mwalimu hiyo karatasi uiweke ndani ya kabati isije ikaonwa na watu. Nikamwona hana maendeleo. Kuanzia mwezi ule, Jumapili moja ya kila mwezi natenga vindoo viwili vya maharage, naviandika MSIBA na tarehe, navizamisha chini kabisa ya friza.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Mama Bupe. Huyu ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho kwa kupasuliwa, dada zangu wako mbali na mume wangu anatangatanga kwenye kazi yake ya kununua kakao, Mama Bupe ndiye aliyelala na mimi hospitali, akanifulia nguo ambazo hata ndugu wa damu angezishika kwa kidole kimoja. Alipika uji akanilisha na kijiko. Nikisema ni jirani nakuwa namshusha, ni ndugu yangu, na mji huu bila yeye nisingeuweza. Yeye naye alikuwa anamuuguza mama yake mzazi, bibi kizee, alimtoa kijijini akamleta kwake ili amtunze vizuri. Sisi wote tulimwita Bibi.

Basi Jumapili moja nikavuka kwenda kumwona Bibi, nimebeba machungwa kwenye kifuko. Nilimkuta amekaa kitandani amejiegemeza ukutani, amekonda lakini macho yake yanacheka, tukaongea vizuri. (Nitairudia ziara hiyo mbele, kuna jambo lake moja bado nasita kulisema.) Nikarudi kwangu, nikawasha majiko, nikapika ya wiki, na kama kawaida ya mwezi nikatenga vindoo vyangu viwili, nikaandika. Mmeshaona inakoelekea.

Wiki mbili baadaye, Jumanne asubuhi, nikasikia kilio upande wa pili wa ukuta. Bibi ametutoka. Nilitupa kila kitu nikakimbia, nikamshika Mama Bupe, tukalia wote, na nililia kweli, sikuigiza. Nikashinda pale mpaka jioni. Lakini mazishi yalikuwa Jumatano, na wanawake walitakiwa wafike alfajiri na vyakula vyao kuanza kupika, na mimi nina rundo la karatasi za mtihani wa majaribio, mwalimu mkuu anazidai, ameshanitolea macho mara mbili. Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa. Badala ya kwenda sokoni kununua mkungu na kukaa pale kumenya na wenzangu, nikasema si nina kindoo kwenye friza? Nitakipeleka, nitakaa saa moja, nitachomoka nikasahihishe, nitarudi wakati wa kuzika. Kwa hesabu ya ratiba ilikuwa imekaa sawa kabisa.

Hata kukitoa kiyeyuke nilisahau. Asubuhi nikakichomoa kimeganda kama tofali, nikakifunga kwenye khanga, nikavuka.

Uani kwa Mama Bupe kulikuwa na wanawake kama ishirini, mafiga yamewashwa, moshi, ndizi zinamenywa kwenye ndoo za maji. Msimamizi alikuwa Mama Gwakisa, ambaye ndiye mpishi mkuu wa misiba yote ya mtaa wetu, mtu mzima, mnene, mwenye heshima zake, akisema chumvi imetosha hakuna wa kuonja tena. Nikasalimia, mwagonile mama, wakaitikia vizuri, nikafungua kindoo. Maharage hayatoki. Nikakigeuza juu chini, nikakitikisa, hayatoki. Wanawake wananiangalia. Kwa aibu nikakigonga kwenye jiwe la figa kwa nguvu, kikafyatuka kile kibonge, kikaruka, kikabiringika mpaka kwenye maganda ya ndizi miguuni kwa mama mmoja, naye akaruka akidhani ni chura. Mtu wa nyuma akauliza kwa sauti ya chini kama Mwalimu ameleta mche wa sabuni. Msibani hakuchekwi, lakini mabega ya watu yalikuwa yanatikisika.

Mama Gwakisa akaniokoa, akakiokota, akakisuuza, akakitumbukiza kwenye sufuria, kikalia ngo. Nikadhani aibu yangu ya siku imekwisha hapo.

Sasa mnajua msibani vyombo vinachanganyika, ndiyo maana kila mwanamke anaweka alama kwenye sufuria na sahani zake, mwingine rangi ya kucha, mwingine herufi za jina lake, ili matanga yakianuliwa kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Mama Gwakisa alikuwa anapitia vyombo vilivyoingia asubuhi ile, anaangalia kipi hakina alama. Akashika mfuniko wa kindoo changu. Akaona una maandishi, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosomaga neno kanisani.

“Msiba. Maharage. Jumapili.” Akasoma na tarehe.

Akasoma tena bila sauti, midomo inatembea tu. Halafu akanitazama.

“Mwalimu, si Bibi amefariki jana?”

Nikasema ndiyo. Mama mmoja aliyekuwa anamenya akasema, tena bila ubaya, kwamba Jumapili hiyo anaikumbuka, ndiyo ile Mwalimu alikuja na machungwa kumwona Bibi. Visu vikasimama. Mimi nikaona nisipoeleza haraka nitaeleweka vibaya, nami nikiharakisha kusema huwa naharibu, basi nikaeleza.

“Hayakuwa ya Bibi, mama. Ni ya msiba wowote ule.”

Nikaongeza kwamba huwa napika kila mwezi, naweka.

“Kila mwezi,” akasema Mama Gwakisa, “unamngoja nani?”

Na mimi, nisivyo na akili, badala ya kuomba radhi na kufunga mdomo, nikamweleza mambo ya ratiba, mambo ya kupanga matumizi, jinsi inavyosaidia, na mwisho nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka hata nikiwa darasani najikuta nimefumba macho, nikasema wala asiwe na wasiwasi, kwa sababu nyumbani kipo kingine.

Kulikuwa na mama alikuwa anakohoa tangu asubuhi kwa moshi wa kuni mbichi. Aliacha kukohoa palepale, akajifunika khanga mdomoni, akasogea upande wa pili wa uwanja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakuna aliyenitukana. Watu wetu wana adabu, na adabu yao ndiyo iliyonimaliza. Ile sufuria iliteremshwa motoni, ikafunikwa, ikawekwa pembeni karibu na ukuta, wakaendelea na nyingine. Mama Gwakisa akaniambia kwa upole kabisa kwamba walimu wana kazi nyingi, niende tu nikasahihishe, wao watamaliza. Jana yake ningeruka kwa furaha. Lakini nikajua nikitoka pale mlangoni, jina nitakalorudi nalo si Mwalimu tena, na Mama Bupe atalisikia jina hilo akiwa na mama yake bado hajazikwa. Nikachukua kisu nikakaa. Mtu akikaa kumenya, wenzake wanamsogezea ndizi, hata hawafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Mimi hakuna aliyenisogezea. Nilikaa na kisu changu mkononi mpaka jeneza likatolewa, na karatasi za mtihani sikuzikumbuka hata moja.

Tukazika. Tuliporudi, chakula kikaanza kupakuliwa, wanaume wamekaa kwenye viti nje, wazee kwenye mikeka, sahani zinapita. Sufuria yangu iko palepale imefunikwa, watu wanapita mbali nayo wanazunguka. Hata watoto walishaambiwa. Nikawa nahesabu hatua za kutoka pale mpaka kwangu, nikisema nikifika naingia ndani, nafunga mlango, na kesho naandika barua ya kuomba uhamisho.

Mara Mama Bupe akatokea mlango wa nyuma. Mfiwa hatoki nje kuja jikoni, anakaa ndani kwenye godoro na wenzake wanamletea, kwa hiyo kila mtu aligeuka. Alikuwa ameshikwa na shangazi yake upande mmoja, macho yamevimba, sauti haipo. Akauliza maharage ya Mwalimu ni yapi. Mama mmoja akaonyesha kwa kidevu. Akajitoa mikononi mwa shangazi yake, akaenda mwenyewe mpaka ukutani, akafunua, akachota kwa upawa yale maharage yaliyokwishapoa, akaweka kwenye sahani, akaja akakaa kwenye kigoda karibu yangu, bega kwa bega, akala. Alikula kijiko, akatafuna, akameza, akala kingine. Wote tunamwangalia.

“Yamekolea,” akamwambia Mama Gwakisa. “Yapasheni moto muwape watu.”

Mama Gwakisa akaja akachota naye kidogo kwa mkono, akaonja, akasema yanataka chumvi, akaipandisha motoni. Basi. Baada ya hapo watu wakala, wengi kwa heshima ya mfiwa, lakini wakala. Na mtu akanisogezea ndizi za jioni nikamenye. Nilimenya zile ndizi, utomvu umenigandia vidole vyote vyeusi, machozi yananitoka, nikasema moyoni huyu mwanamke amenirudishia uso wangu. Mimi niliyekuja kumfariji, yeye ndiye aliyenifariji, siku ya kumzika mama yake.

Kama ingeishia hapo ningekuwa naisimulia kila harusi. Haikuishia hapo.

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika, nikabaki na Mama Bupe uani tunasugua masufuria kwa majivu. Tulikuwa wawili tu. Nikaona ndiyo nafasi, nikaacha kusugua, nikamwambia ndaga fijo, asante sana ndugu yangu, nikaanza kueleza alivyoniokoa. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Pale nilikula kwa ajili ya watu,” akasema. “Wangekuita mchawi, na mimi najua wewe si mchawi. Sasa nikuulize la kwetu wawili. Mbalaga ya mama ulikuwa uilete lini?”

Hapa ndipo niseme lile nililokuwa nasita. Jumapili ile ya machungwa, Bibi alikuwa ameshika mkono wangu wakati wote tunaongea, na nilipotaka kuondoka nikamuuliza, kama tunavyowauliza wagonjwa wote, Bibi unatamani nini nikuletee. Akacheka, akasema uji umemchosha, anatamani mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama yenye mafuta, ziive mpaka zishikane, kama alivyokuwa akipika yeye. Nikamwambia hiyo ni ndogo, nakuletea. Nilisema hivyohivyo, nakuletea. Nikavuka ukuta, nikafungua friza, nyama ipo, lakini imeshapangiwa siku, hii ya Alhamisi, hii ya Jumamosi, nikipika mbalaga wiki nzima inavurugika. Nikasema nitampikia wiki ijayo, nitaiingiza kwenye ratiba. Wiki iliyofuata ukaguzi ukaja shuleni. Nikasahau.

Na msiniulize kama wakati naandika lile neno kwenye kindoo nilikuwa namfikiria Bibi. Mama Gwakisa asingethubutu kuniuliza, Mama Bupe hakuniuliza, nimejiuliza mwenyewe, na jibu ni kwamba nilimwona alivyokonda. Niliona. Mkono wangu uliandika upesi kuliko miezi mingine.

Nikamweleza Mama Bupe yote, nyama ya Alhamisi na nyama ya Jumamosi, sikuficha, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia maneno yangu yalivyo madogo. Yeye akaendelea kusugua sufuria.

“Ile Jumatatu nilimpa uji akaukataa,” akasema. “Akasema asishibe uji, Mwalimu analeta mbalaga. Jumanne hivyohivyo, nikamwambia mama kula kidogo, akasema hapana, ataacha nafasi.” Akamwaga maji. “Jumatano akanywa uji.”

Hakulia, wala hakunifokea. Angenifokea ningepona. Alinipa sufuria nyingine nisugue, nikasugua.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni nikaiangalia ile ratiba ukutani. Sikuichana, siwadanganyi, kuichana ingekuwa maigizo, na watoto lazima wale. Nilikata mstari mmoja tu wa chini kwa kalamu, na kile kindoo cha pili nikakipika tukala sisi wenyewe siku ya Ijumaa, Baba Lusajo akala bila kuuliza (ingawa kindoo hicho alikiogopa kuliko mimi). Misiba imetokea mingine tangu hapo, na kila ukitokea nakwenda sokoni, nanunua mkungu mbichi, naenda nakaa na wenzangu mpaka mwisho, karatasi za mtihani zinangoja, mwalimu mkuu anatoa macho, namwacha ayatoe.

Mama Bupe na mimi bado ni majirani na bado tunaitana kwenye ukuta, chumvi, kiberiti, mtoto wako yuko huku. Watu wakituona wanasema wale wamepatana. Lakini kulikuwa na kitu hakijarudi mahali pake, na wote wawili tulikijua, tukawa tunakizunguka.

Mwezi uliopita akaugua malaria, ya kulala chini siku kadhaa. Nikavuka, nikamkuta amejifunika blanketi anatetemeka, nikamshika paji la uso, nikampa pole, tukaongea kidogo. Nilipoinuka kuondoka mdomo wangu ukafunguka wenyewe, maneno yaleyale, unatamani nini. Hata sikufika mwisho.

“Usiniulize, Mwalimu,” akasema, taratibu tu, macho ameyafumba. “Ukiniuliza nitaanza kungoja.”

Nikasimama pale mlangoni. Halafu nikatoka, sikupita nyumbani, nikaenda moja kwa moja buchani na sokoni, nikarudi nikawasha jiko mchana wa Jumanne, siku ambayo haina nyama kwenye karatasi yoyote duniani. Nilivuka na sufuria ingali inachemka, mikono inaniungua kupitia kwenye khanga. Nikamwinua, nikampakulia. Alikula kidogo, akapumzika, akala tena, na mimi nilikaa pale chini karibu na kitanda mpaka alipomaliza. Mgonjwa yeyote nitakayemtembelea maisha yangu yote, sitamwahidi chakula tena. Nitapika kwanza ndipo nimbishie hodi.